Futi Tatu Kati Yangu na Pacha Wangu

Niseme mapema: mimi ni mwoga. Waliowahi kuniona nikicheza netiboli hawaamini, kwa sababu nilikuwa mlinzi wa goli, mrefu kuliko wanaume wengi wa kwetu Kiminini, karibu na Kitale, na nikipaaza sauti uwanjani refa mwenyewe aligeuka. Lakini kelele ni kelele na woga ni woga. Mwaka ule wa elfu mbili niliogopa mpaka nikasahau ladha ya chai.

Chama chetu cha netiboli hakikuwa cha serikali. Hakikuwa na ofisi wala gari. Kilikuwa na mwenyekiti, mama mmoja mwalimu mkuu mstaafu wa huko Matulo, aliyevaa filimbi shingoni hata kanisani, na kilikuwa na sisi wachezaji, karibu wote walimu, tuliotoka Bungoma, Kimilili na Kitale. Wenzetu wa Uganda walikuwa na chama kama hicho, na tawi lao lilikuwa Mbale, ng'ambo ya mlima. Wakubwa wetu wa Nairobi na wakubwa wao wa Kampala walikuwa wamepatana kwamba matawi ya mpakani yatembeleane kila mwaka. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pesa za hoteli, wakatunga utaratibu ambao sijausikia kwingine: kila mchezaji mgeni analala kwa yule anayemkabili uwanjani. Mfungaji wao analala kwa mlinzi wetu, mlinzi wao kwa mfungaji wetu, wa katikati kwa wa katikati. Unayemkaba mchana ndiye unayempikia jioni. Tuliitana pacha.

Pacha wangu alikuwa mfungaji, mwembamba, mwenye mwanya, muuza vitambaa sokoni Mbale. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimelala kwake. Alinipa kitanda chake akalala mkekani, akanichemshia maji ya kuoga, akanipikia matoke na mchuzi wa njugu mpaka nikamwambia, dada, kesho nitaruka vipi? Akacheka, "Ndiyo sababu nakulisha." Hatukuhitaji mkalimani. Kigisu chao na Kibukusu chetu vinasikilizana, na pale vinapogombana tulitia Kiswahili.

Kwa asiyeujua mchezo huu nieleze jambo moja tu. Mwenye mpira haguswi. Unayemkaba unasimama mbali naye, futi tatu kutoka mguu wake, unainua mikono juu, unanyoosha, unafanya kila vituko, lakini ukisogea ndani ya zile futi tatu refa anapuliza. Mimi macho yangu yalikuwa yameshazoea. Hata nikisimama na mtu sokoni nilijua kama tuko futi tatu au la.

Shule zilipokaribia kufungwa, na ziara ya wageni ikiwa imekaribia, redio ikaanza kutaja ugonjwa. Ebola, kaskazini mwa Uganda. Walisema unaanza na homa na kichwa, kisha damu: puani, mdomoni, popote. Walisema msisalimiane kwa mikono. Nilikuwa nachambua mboga, nikaweka kisu chini. Binti yangu alikuwa sakafuni akicheza na vifuniko vya chupa. Alikuwa bado hajafikisha miaka minne, na ndiye mtoto pekee niliyekuwa naye. Kabla yake nilizika mwingine. Kwa hiyo huyu nilimlinda kuliko goli.

Mwenyekiti akatuita mkutano katika darasa moja pale Bungoma. Tuliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga meza, kila mtu akisema lake. Mimi nilisema wazi: wasije mwaka huu.

"Ati wasikuje?" Mwenyekiti alisimama. "Mwaka jana si mlikula kwao mpaka mkafungua vifungo vya sketi? Sasa tuwaambie nini? Ati nyinyi mnanuka ugonjwa?"

"Mama, mimi niko na mtoto."

"Na wao hawana watoto? Mbale iko mbali na huko kwenye ugonjwa. Mpaka haujafungwa. Nairobi imesema tumetoa neno letu, na tukilivunja, hawa watu hatutawaona tena."

Basi ikaamuliwa waje, ila pasiwe na kusalimiana kwa mikono. Tuliona tumepata akili nyingi sana. Tulikubaliana mikono isigusane, tukaenda nyumbani tumeridhika, na hakuna hata mmoja wetu, walimu watupu, aliyekumbuka kwamba mpira ni mmoja na tutaushika wote.

Walifika Bungoma saa za asubuhi kwa basi dogo, wakiimba. Tulikuwa tumejipanga uwanjani, wao wakashuka mikono ikiwa imeshanyooshwa. Pacha wangu ndiye alikuwa mbele. "Mulembe, pacha!" Mkono wake huu hapa mbele yangu, kiganja chekundu, vidole virefu vya mfungaji. Kwetu mtu akikunyooshea mkono ukauacha unaning'inia, afadhali umtukane mama yake. Mimi nikarudi nyuma. Nikapunga.

"Mulembe," nikasema. "Mwaka huu tunapunga tu."

Alidhani ni mzaha, akacheka, akasogea. Nikarudi nyuma tena. Ndipo akatazama mstari wetu mzima, wanawake wazima wanapunga kama watoto wanaoaga gari, na kicheko kikamtoka usoni polepole. Aliuficha mkono nyuma ya mgongo. "Kwani nimekukosea nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini. Haki ya Mungu, nilitamani ardhi inimeze.

Kabla ya mechi refa hukagua kucha, anashika vidole vya kila mchezaji mmoja mmoja asije mtu akamkwaruza mwenzake. Siku hiyo refa alikataa kushika mtu. Alituambia tuinue mikono juu, akapita mbali akitukodolea macho. Watazamaji wa Bungoma walicheka mpaka wakakaa chini. Tulicheza, tukafungwa, jioni tukagawana wageni, kila mtu na pacha wake. Mimi na wangu tukaja Kiminini.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi Mombasa, nyumbani tulikuwa mimi, mtoto, na mama mkwe. Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima zake. Mwaka wa kwanza aliposikia habari za mapacha alifurahi, akasema hao wa ng'ambo ya mlima ni ndugu zetu waliobaki nyuma. Lakini na yeye alikuwa na redio. Mgeni alipoingia alimkaribisha vizuri kutoka ng'ambo ya chumba, kisha akaniita jikoni.

"Hii sahani ni ya mgeni," alisema, akanionyesha sahani ya bati yenye ua la buluu. "Hii peke yake. Na kikombe hiki. Na mtoto atalala kwangu."

"Sawa, mama."

"Usiseme sawa na huku unatetemeka. Jikaze."

Tulijikaza. Tulipika kuku, kwa sababu mgeni ni mgeni, tukamwekea chakula chake upande wake wa meza. Alikiangalia kile chakula kwenye sahani yake ya peke yake, akatuangalia sisi tunaokula kutoka sinia moja.

Aliyevunja mipango yetu yote ni mtoto. Nani atamweleza mtoto? Alikuwa amesikia kwa wiki nzima kwamba senge anakuja, yaani shangazi, na senge huyu hapa. Nilipogeuka kuchukua maji, nikamkuta ameshapanda mapajani kwa mgeni, mkono mzima ndani ya ile sahani yenye ua la buluu, anatafuna kipapatio alichomegewa. Mgeni alikuwa ameinua mikono yake juu, kabisa, kama mlinzi mbele ya goli, ili nione hajamshika.

"Amekuja mwenyewe," alisema.

Nilimnyakua mtoto, nikamwosha mikono kwa sabuni ya kufulia, nikamwosha tena, mtoto analia, mgeni ameinamisha kichwa. Nilimwambia, samahani pacha, ni redio. Akasema, "Hata sisi tuna redio."

Asubuhi ya mechi ya pili, ya Kitale, alitoka nje akiwa amejifunika leso mabegani, na jua lilikuwa kali. Nikamuuliza vipi. Akasema ni kichwa tu, safari. Nilimwambia asicheze. "Nisipocheza watasema nini?" akaniuliza, na jibu tulilijua sote wawili.

Uwanja wa Kitale ulijaa siku ile. Nilimkaba futi tatu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nashukuru sheria hiyo. Nilimwona jasho linavyomtiririka, nikaona macho yake yana wekundu, au nilidhani yana wekundu. Kipindi cha pili mpira ukaja juu. Tuliruka wote wawili. Nikaupiga ukatoka, nikatua, nikageuka, na nikaona damu.

Ilikuwa inamtoka puani, inashuka mdomoni, inaangukia kitambaa cheupe cha kifuani. Swali lililonikaa kichwani tangu siku hiyo ni hili: je, kiwiko changu kilimpiga? Ningejua kilimpiga ningelala usingizi. Lakini katika kuruka vile sikusikia kugusana na kitu chochote.

Mtu mmoja pembeni akapiga yowe, "Ebola!" Basi. Wacha kabisa. Uwanja mzima ulitoka mbio. Akina mama waliacha viatu, wauza miwa waliacha miwa, wachezaji wenzangu ambao nimekula nao na kulia nao walikimbia na sketi zao fupi mpaka barabarani. Refa alikimbia na filimbi mdomoni, inalia kila akipumua. Siku nyingine ningecheka mpaka niugue. Pale uwanjani tukabaki sisi wawili chini ya goli, na mpira.

Sikukimbia. Msinisifu, miguu ilikataa. Yeye alisimama ameziba pua, damu inapita katikati ya vidole vile virefu, ananitazama. Nilifungua kitambaa changu cha kichwani nikamrushia, akakidaka.

"Ni kiwiko chako," alisema ndani ya kitambaa. "Pacha, waambie ni kiwiko chako."

Nikapiga kelele kwa watu kwamba ni kiwiko changu. Hakuna aliyerudi.

Walikuja kumchukua watu wa afya wamevaa makoti ya mvua na gambuti, wakampeleka zahanati moja nje ya mji iliyokuwa na chumba cha pembeni, kimetengwa. Simu zikaanza. Kampala ikawaambia wachezaji wake warudi leo leo. Nairobi ikamwambia mwenyekiti wetu awasindikize mpaka Malaba, pale mpakani. Wale wageni wakakataa kuondoka. Mwenyekiti wao, mama mfupi mkavu, alimwambia mkubwa wake kwenye simu ya kibanda, sisi tunasikia, "Turudi bila mfungaji? Tutafunga na nini?" Wakalala katika madarasa pale Kitale. Mwenyekiti wetu alikuwa akiwapelekea uji asubuhi, na kila alipofika alitua ndoo njiani akarudi nyuma ndipo wao wakaja kuichukua.

Kwetu hapakuja mtu. Majirani waliweka matawi ya miti njiani, kwamba hapa hapapitwi. Maziwa yetu hakuna aliyeyanunua, tuliwamwagia ndama. Mama mkwe aliichukua ile sahani yenye ua la buluu akaizika nyuma ya choo. Mimi nilikuwa na kazi moja: kumshika mtoto paji la uso. Nikiamka, namshika. Nikitoka kisimani, namshika. Mpaka mama mkwe akasema, "Wewe mama mtoto, utamchubua ngozi."

Halafu asubuhi moja nikamshika na paji lilikuwa la moto.

Nilimwita mama mkwe. Akaja, akaweka mkono wake, akauondoa, akakaa chini palepale sakafuni. Mwanamke ambaye sijawahi kumwona ameketi chini mbele yangu. Mtoto alisema kichwa kinamuuma.

"Usimpeleke," mama mkwe alisema. "Nisikize. Hii ni malaria tu, tutampa dawa hapa. Ukimpeleka watamfungia na yule mgeni. Kama hakuwa nayo ataipata huko huko. Mtoto wetu watamchukua kwa mlango na kumrudisha kwa sanduku."

Na mimi nikaona anasema kweli. Lakini kama anayo tayari? Kama ni ile, na mimi namficha humu na vidonge, na yeye ndiye mjukuu wake pekee na mtoto wangu pekee? Nilizunguka chumba kile. Yule wa kwanza niliyemzika tulimtibu nyumbani. Tulisema ni malaria tu, na ilikuwa malaria tu, na ilimuua. Nikachukua leso nikamfunga mtoto mgongoni.

Mama mkwe alilia kwa sauti lakini hakunishika mkono. Stejini Kiminini makanga wote wa matatu walinijua, wakafunga milango. Mwendesha baiskeli mmoja aliniona akageuza. Nikatembea. Nilisikia joto la mtoto likipita kwenye leso mpaka kwenye mgongo wangu, na kila alipokohoa nilijipapasa shingoni nitazame kama vidole vitatoka na damu. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mashamba matupu pande zote mbili, na watu walisimama mbali kuniangalia nikipita.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja aliyekubali kuingia chumba kile. Sura yake sikuwahi kuiona vizuri siku zile kwa sababu ya barakoa. Alimpokea mtoto na glavu, akanizuia kwa mkono.

"Wewe hapana, mama. Huna homa. Utakaa hapo nje kwa kile kibanda, na usishike mtu."

"Chumba ni kimoja?"

"Ni kimoja."

"Kwa hiyo mnamweka pamoja na yule."

"Vitanda viko mbali. Mmoja ukuta huu, mwingine ukuta ule. Mama, sina chumba kingine. Ningekuwa nacho ningekupa."

Mlango ukafungwa na mtoto wangu akaanza kuita. Kulikuwa na dirisha moja la vioo, limefungwa, upande wa nyuma. Nilizunguka mbio nikabandika uso. Binti yangu alikuwa amekaa kitandani na dripu mkononi, mdomo wazi, ananiita mimi na mimi ninamtazama. Na ukutani upande wa pili, pacha wangu. Alikuwa amekonda. Alinyanyuka kutoka kitandani mwake akishika ukuta, akatembea kuelekea kwa mtoto, na mimi nikapiga kioo kwa ngumi.

"Hapo!" nilipiga kelele. "Hapo hapo!"

Alisimama. Akatazama chini miguuni mwake, akatazama kitanda, akarudi nyuma hatua moja ndogo. Jicho langu lilipima bila mimi kuliambia. Zilikuwa futi tatu kamili. Akaketi sakafuni pale, akainua mikono juu nione, akaanza kuongea na mtoto kwa Kigisu chao.

Sijui alimwambia nini mwanzoni. Nilimwona anaigiza kudaka mpira, anaudunda, anaulenga, unakosa pete, unamwangukia kichwani. Mpira wa hewa. Mtoto akanyamaza kutazama. Siku zile zote alikuwa akifanya hivyo, amekaa sakafuni na homa yake mwenyewe, akitetemeka, akitapika kwenye ndoo kisha anarudi mahali pake palepale. Nesi alikuwa anaingia kwa saa zake, anamlisha mtoto, anambadilisha, anatoka. Katikati ya hapo mtoto alikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye niliyekuwa nikimwogopa kuliko kitu chochote duniani.

Nesi alitoka akaniambia wameona malaria katika damu ya wote wawili.

"Basi si nimchukue twende nyumbani?"

"Malaria haifukuzi hiyo ingine, mama. Mtu anaweza kuwa na zote. Damu tumeipeleka Nairobi kwa maabara, tungoje jibu."

Tukangoja. Wenyeviti wawili walikuja, wetu na wao, wakaketi kwenye gogo moja nje ya ua, kila mmoja mwisho wake. Mwenyekiti wetu hakuwa na filimbi. Aliniambia kwa sauti kutoka kule, "Binti yangu, ni mimi nilisema wakuje." Sikuwa na nguvu ya kumlaumu wala ya kumsamehe.

Siku moja dripu ilikuwa imetolewa, na mtoto alizidiwa na kilio. Aliteremka kitandani. Nilimwona anatambaa kwa sababu miguu haikuwa na nguvu, anatambaa kuelekea kwa senge wake, mikono mbele. Pacha wangu alijiburuta nyuma. Mtoto akafuata. Akajiburuta mpaka mgongo ukagonga ukuta, akapanda kitandani kwake, mtoto akashika ukingo wa blanketi akalia kama anayechinjwa. Na yeye, mikono juu, machozi yanamtoka, akageukia dirisha.

"Pacha! Sema! Nimshike au nisimshike?"

Nilimwita nesi. Hakuwapo karibu. Nikaita tena mpaka sauti ikakatika. Mtoto alikuwa anakwama pumzi kwa kulia. Nilimtazama yule mwanamke, nikamtafuta usoni kama ana damu popote, nikaona mtu aliyenichemshia maji ya kuoga. Bado mdomo wangu ulisema, "Usimshike."

Hakumshika. Alivuta lile blanketi kidogo kidogo mpaka likaanguka lote sakafuni, mtoto akajikunja ndani yake, na yeye akainama juu ya ukingo wa kitanda akimwimbia, mikono ameikalia. Ameikalia kabisa, chini ya mapaja yake, isije ikamponyoka. Niliteleza ukutani nikaketi kwenye nyasi, na kutoka pale chini nilikuwa bado nausikia wimbo wake.

Jibu la Nairobi lilikuja mchana, nikiwa nimesimama palepale dirishani. Nesi alitoka kwenye kona bila glavu. Sikusubiri aseme. Nilipoona vidole vyake vitupu nilipiga magoti, yeye ndiye akaniambia kwa maneno: hapana, wote wawili hapana, ni malaria basi. Kule kwenye gogo wenyeviti wawili walikumbatiana, yule mfupi akapotea kifuani kwa wetu mnene.

Nesi alifungua mlango. Niliingia mbio nikachuchumaa, mikono wazi, mwanangu njoo. Mtoto alinitazama. Alikuwa amesimama, miguu inamtetemeka. Kisha akageuka akaenda upande wa pili, akakumbatia magoti ya senge wake kwa nguvu zote, akaficha uso humo.

Pacha wangu alikuwa amesimama. Mikono yake ilipanda juu yenyewe, ikakaa huko, vidole vimenyooka, kama ilivyokaa siku zote zile.

"Mshike," nikasema. "Imeisha. Mshike, bana."

Hakuiteremsha. Alinitazama, na mwanya wake sikuuona maana hakuwa akicheka.

"Anza wewe," alisema.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Tangu ashuke kutoka kwenye basi pale Bungoma, nyumbani kwangu, mezani kwangu, uwanjani, sikuwa nimemgusa hata mara moja. Nilisimama. Nilivuka zile futi tatu, nikanyoosha mkono, naye akateremsha wake akanipa. Ulikuwa bado na joto kidogo, joto la malaria tu, nimeambiwa na Nairobi nzima, na hata hivyo nilitetemeka.